Waya wa Buluu Niliouona Hauna Kazi

Kosa ni langu. Nalitanguliza ili usipoteze muda kunitafutia visingizio. Mama alijaribu kunitafutia, nikamkatiza. Padre niliyemfuata seminarini Kipalapala naye alijaribu, akasema, "Mwanangu, hukujua." Nikamjibu, "Nilijua, Padre. Mle ofisini nilijua kuliko wote." Akabaki kuchezea rozari yake.

Jina langu nimelificha. Si kwa haya, haya zangu zimekwisha. Nimelificha kwa ajili ya mama yangu, ambaye bado anateka maji kisima kimoja na watu niliowakosea.

Basi kaa hapo unisikilize. Na usinionee huruma. Ukinionea huruma nitakutukana!

Nimesoma mpaka darasa la kumi, hapahapa Tabora. Kwa hesabu hakuna aliyenipita. Nilipotoka shule nilikuwa na mimba ya karani mmoja wa reli. Nilikwenda kwao kumtaja, akaikana mbele ya wazazi wake huku anakula karanga. Karanga! Hakuacha hata kutafuna. "Simjui huyu," akasema, akatema ganda.

Nikamzaa Milembe. Nikamwacha kwa mama yangu kijijini, nyuma ya Kaliua, katika kijiji kimojawapo ambamo Serikali iliwakusanya watu kutoka porini ili wasiendelee kuumwa na ndorobo, wale mbung'o, na kupata malale, ugonjwa wa usingizi. Nikarudi mjini kutafuta kazi. Mjini sikumwambia mtu kwamba nina mtoto. Nilikuwa msichana wa darasa la kumi, basi. Kumbuka hilo, maana ndilo lililoua.

Kazi niliipata katika ofisi ya kadi. Ofisi ya nani, sisemi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu wa afya walizunguka vijijini, wakawatoa watu damu na kuwapapasa shingo. Kila mtu alikuwa na kadi yake ngumu, nasi makarani tulitoboa tundu ndani yake: tundu hapa ni jina, hapa ni umri, hapa ni kijiji, hapa ni nyumba, hapa ni damu yake, ina malale au haina. Kadi zikaingia katika mashine kubwa kama kabati la nguo. Mashine ikazitupa moja moja katika mifuko, na ikachapa karatasi yenye majina ya wagonjwa. Karatasi ile ikapanda treni mpaka Kaliua. Dresa, msaidizi wa daktari, akasimama nayo, akaita watu nyumba kwa nyumba waje kuchomwa sindano.

Ukiitwa, unapona. Usipoitwa, unarudi shamba na ugonjwa wako.

Sasa mashine ilijuaje nani wa kuitwa? Mashine haina akili, hata ya kuku haina. Iliambiwa na waya. Ubavuni ilikuwa na ubao uliojaa matundu, nawe unachomeka waya kutoka tundu hili mpaka lile: soma umri, linganisha kijiji, tupa kadi mfuko wa tatu, chapa jina. Mpangilio huo wa waya Bwana Mkubwa, Mwingereza wetu, aliuita programu. Akitaka orodha nyingine, programu nyingine.

Mwenye kupanga waya alikuwa Mzee Nassor, Mwarabu wa mjini. Ukoo wao uko Tabora tangu zama za misafara. Babu yake alipanga wapagazi, nani abebe nini na nani atangulie, na yeye akapanga waya. Alijifunza Nairobi. Alikuwa taratibu mno! Orodha moja siku tatu. Anakunywa kahawa, anautazama ubao, anagusa waya, anauacha, anaomba radhi kwa Mungu, anaurudia.

Mimi alinichefua. Nilikuwa natoboa kadi kutwa mpaka vidole vinakufa ganzi, yeye anakunywa kahawa.

Nikamtazama miezi mitatu. Nikagundua jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua: kule kufikiri kwake kulikuwa na njia zake, zilezile kila siku, na njia hizo zingeweza kuandikwa.

Nikanunua daftari.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kukatakata sentensi ya Bwana. Akisema "nataka watoto wote wagonjwa wa vijiji vya Kaliua", unaikata: watoto, wagonjwa, Kaliua. Sehemu ya pili ilikuwa kama bei za dukani: kila kipande na waya zake. Kwa "watoto" chomeka hapa na hapa. Kwa "wagonjwa" chomeka pale na pale. Unaingia na sentensi, unatoka na programu nzima. Hufikiri! Nilichokuwa nimeandika ni programu inayozaa programu.

Nilimpa tarishi wetu daftari mbele ya Bwana. Tarishi alikuwa mtu mzima wa Sikonge, anayejua nyuki kuliko herufi, hajawahi kuugusa ule ubao. Alifuata mstari kwa mstari, kidole juu ya daftari, jasho likimtoka. Kabla ya chai ya saa nne ubao ulikuwa tayari, na orodha ikachapwa sawasawa.

"Nimepanga mimi?" tarishi akauliza.

"Umepanga wewe," nikamwambia.

"Na sijui nilichokifanya!"

"Ndiyo uzuri wake."

Ofisi nzima ikacheka. Bwana akanishika mkono. Mwafrika, tena mwanamke, kushikwa mkono na Bwana! Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Lakini waya zetu zilikuwa chache na mashine ilikwenda polepole. Ndipo nikaandika sehemu ya tatu. Nilijivunia hiyo kuliko zote. Ilikuwa ya kuchambua programu iliyokwisha pangwa na kuipunguza.

Kanuni yake ni nyepesi. Anzia mwisho, kwenye karatasi iliyochapwa. Rudi nyuma. Waya uliosaidia kuchapa jina, utie chaki. Waya uliousaidia ule waya, utie chaki. Rudi hivyohivyo mpaka mwanzo. Ukimaliza, waya usio na chaki hauna kazi. Ung'oe.

Bwana akaagiza mbao zote za zamani zipitishwe katika daftari langu. Nikaanza na ule mkubwa wa Mzee Nassor, ubao wa malale.

Nikatia chaki. Waya kumi na moja zikabaki bila chaki. Kumi Mzee Nassor alizikubali mwenyewe, akacheka, "Lahaula, huu niliusahau tangu mvua za mwaka juzi." Wa kumi na moja ulikuwa wa buluu. Ulitoka kwenye safu ya nyumba ukaenda kwenye kengele ndogo ya shaba iliyofungwa juu ya mashine. Tangu niingie pale sikuwahi kuisikia.

"Huo usiuguse, binti," akasema.

"Unafanya nini, Mzee?"

"Unangoja."

"Unangoja nini?"

"Kadi isiyo na nyumba. Ikipita kadi ambayo safu ya nyumba haikutobolewa, mashine inasimama na kengele inalia. Unaitoa kadi ile, unaandika jina kwa mkono chini ya orodha."

"Mwaka huu imelia mara ngapi?"

"Haijalia."

Wote walikuwa wanasikiliza. Bwana alikuwa mlangoni na kiko chake. Nikachukua orodha iliyochapwa, nikamtandikia mzee yule mezani, mtu wa umri wa baba yangu. Nikamwambia, "Nionyeshe hapa waya wako umeandika nini. Herufi moja tu, Mzee. Nukta tu!"

"Mlinzi wa mlangoni naye haandiki barua," akasema.

"Ndiyo maana hapewi kalamu."

Wakacheka! Tarishi alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee Nassor akatabasamu kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto mbele ya wageni.

Kisha nikasema neno ambalo hata leo naamka nalo mdomoni. Nikasema, "Na kadi isiyo na nyumba itatoka wapi? Mtu gani hana nyumba?"

Na wakati nasema hivyo kadi ya mwanangu ilikuwa ndani ya sanduku, hatua nne kutoka nilipokuwa nimesimama, haina nyumba.

Ngoja nikueleze. Namba ya nyumba ilikuwa namba ya mwanamume mlipa kodi. Mama yangu ni mjane. Mjane halipi kodi, kwa hiyo nyumba yake haina namba, japo ina paa na moshi na kuku. Mtoto hupewa namba ya baba yake. Milembe baba yake alikuwa anakula karanga.

Mjomba wangu alisema, "Mwandikeni kwa namba yangu mimi." Lakini kabla ya hapo, katika msiba mmoja, alikuwa amemwita Milembe "mtoto wa stesheni". Mimi nikakataa. Nikasema mwanangu haombi namba kwa mtu. Fomu za kijiji chetu zilipofika ofisini nikaitafuta ya Milembe, nikaitoboa mwenyewe: jina, umri, kijiji. Penye nyumba nikapaacha. Sikutoboa. Kwa kiburi!

Kwa hiyo nilijua. Umesikia? Nilijua kadi isiyo na nyumba ipo, na nilijua ni ya nani. Ilinipasa kusema tu, "Mzee Nassor, kweli, ziko." Lakini wangeniuliza, unajuaje? Nao wangeitoa ile kadi na fomu yake, na wangesoma humo jina la mama, na msichana wa darasa la kumi angekuwa mama wa mtoto asiye na baba. Bwana alikuwa mlangoni. Nikanyamaza.

Nikajiambia waya usiofika kwenye karatasi hauwezi kubadili karatasi. Nikaung'oa.

Kwa uhakika zaidi nikapitisha kadi za zamani mara mbili, kwa ubao wa zamani na kwa ubao wangu. Nikaziweka orodha mbili juu ya kioo cha dirisha, moja juu ya mwenziwe, jua likapita. Herufi ilikaa juu ya herufi. Hakuna hata koma iliyotofautiana! Bwana akapiga makofi. Kadi zile zilikuwa za watu wa mjini na wafanyakazi wa reli, wanaume wote, wenye kodi wote, wenye namba wote. Nani angekuwa hana nyumba humo?

Mzee Nassor akauokota waya wa buluu, akaukunja vizuri, akautundika kwenye msumari ukutani. Wiki ile akahamishiwa stoo. Mwezi haukuisha akaacha kazi.

Majibu ya damu ya vijiji vya Kaliua yakaja. Yalikuja kwa namba za kadi tu, hayakuwa na majina. Niliyatoboa mimi, makumi kwa makumi. Nilikuwa naimba. Nilitoboa tundu la malale kwenye kadi ya mwanangu, nami naimba!

Kadi zikaingia kwenye mashine na ubao wangu. Ubao ule ulitazama nyumba kwanza, maana dresa anaita nyumba kwa nyumba. Kadi isiyo na nyumba mashine haikujua iipeleke wapi, ikaiacha iteremke mpaka mfuko wa mwisho. Na mfuko wa mwisho ulikuwa wa nini? Wa wazima, watu wasio na ugonjwa. Kengele haikulia, maana waya wake ulikuwa msumarini.

Orodha ikatoka safi. Nzuri! Ikapanda treni.

Siku ya tatu baada ya dresa kuita watu, mama yangu alikuja Tabora.

Siku hiyo hasa tulikuwa na wageni kutoka Dar es Salaam, mabwana wawili waliokuja kuona daftari langu. Nilikuwa nimevaa gauni la kupiga pasi. Nikasikia sauti barazani, "Mama Milembe! Mama Milembe!" Nikatoka mbio. Mama amesimama na mavumbi ya njia, Milembe mgongoni, kichwa kimelalia bega.

Karani mwenzangu akachungulia dirishani. "Nani huyo?"

Na mimi nikasema, "Jirani wa nyumbani tu."

Mama alisikia. Macho yake yalinitazama kidogo hivi, kisha akayateremsha. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Ndiyo, mwanangu. Mimi jirani. Nimeleta mtoto wa jirani."

Loo! Yule mwanamume alimkana mtoto huku anatafuna karanga. Mimi nilimkana na mama juu yake, na sikuwa na kitu mdomoni.

"Nini tena?" nikamnong'oneza.

"Hakuitwa. Wamewaita watu, yeye hakuitwa. Na shingo yake ina uvimbe hapa, shika. Homa inakuja inakwenda. Nimemwambia dresa, anasema kama hayumo katika karatasi basi ni mzima."

Nikaingia ndani, nikaitazama orodha. Milembe hakuwamo. Sanduku la kadi lilikuwa palepale, lile la hatua nne. Kulifungua ni kazi ya muda wa kunywa chai. Lakini mabwana walikuwa wameanza kuuliza maswali na Bwana alikuwa ananiita.

Nikatoka. "Ni mzima," nikamwambia. "Mashine imepitia kila mtu."

"Lakini analala sana."

"Watoto hulala."

"Analala huku anakula, mwanangu."

"Mama! Mashine haikosei. Mimi mwenyewe ndiye niliyeirekebisha. Unajua wewe kuliko mashine? Rudi nyumbani, usinitie aibu."

Akasema, "Haya." Akamfunga Milembe vizuri. Mtoto akafumbua macho, akaniona, akanyoosha mkono kutoka kwenye kanga. Dirishani walikuwa wanatazama. Sikuushika.

Huo ndio mkono wa mwisho alioninyooshea kwa kunijua.

Miezi miwili baadaye alikuja mjomba, yule wa mtoto wa stesheni. Hakuketi. "Twende ukaone," akasema. Tukapanda treni.

Nilimkuta Milembe amekaa kwenye mkeka, kipande cha michembe, viazi vikavu, mdomoni, amelala. Hakukitafuna wala hakukitema. Mate yalikuwa yanatiririka kifuani. Nilimwita. Alifumbua macho, akanitazama kama unavyotazama ukuta.

Nyumba ya pili kulikuwa na kilio. Alikuwa amekufa Kashindye, mtoto wa miaka sita wa Mama Kashindye, mjane mwenziwe mama yangu. Mwili wake ulikuwa umekwisha mpaka jeneza lilibebwa na mtu mmoja. Naye hakuitwa. Nyumba yake ilikuwa ya mjane.

Nilipozitazama zile nyumba mbili zilizopakana, zisizo na namba, nikajua. Sikuhitaji daftari. Nililia pale msibani kuliko ndugu wa maiti. Watu wakasema, tazama binti wa mama fulani alivyo na moyo!

Milembe tulimpeleka hospitali. Daktari akampapasa shingo, akaniuliza, "Huyu alipimwa. Mbona hakuitwa?" Nikasema sijui. Nikasema sijui!

Jumatatu niliingia ofisini kabla ya wenzangu. Nikafungua sanduku la wazima. Kadi ya Milembe ilikuwa imekaa katikati ya watu wa afya zao, tundu la malale limetobolewa vizuri, kwa mkono wangu, na penye nyumba ni peupe.

Nikautoa waya wa buluu msumarini. Nikauchomeka palepale Mzee Nassor alipouchomeka. Nikapitisha kadi za Kaliua.

Kengele ikalia. Mashine ikasimama. Nikatoa kadi, nikawasha tena. Ikalia. Nikatoa, nikawasha. Ikalia, ikalia, ikalia! Wenzangu walipoingia walinikuta nimekaa sakafuni na kadi mapajani. Katika kadi zile sita zilikuwa na tundu la malale. Wawili nilikuwa nawajua. Wanne nikaandika majina yao kwa mkono, nikayapeleka kwa simu ya stesheni, na dresa akawapata siku ileile. Wanne hao wamepona. Usinisifu! Wangepona mapema kama ningefumbua mdomo wangu siku ile ya kucheka.

Bwana aliniita kwake, akafunga mlango. Nikamweleza yote. Akavuta kiko, akasema kosa ni la ubao wa zamani, mzee aliupanga vibaya, ndivyo taarifa itakavyosema. Daftari langu lilikuwa limekwisha sifiwa Dar es Salaam, halikuweza tena kuwa na kosa. Akanisogezea karatasi.

Unataka kujua kama nilikataa? Nilitia sahihi. Mtoto alikuwa hospitali, nikaogopa kazi. Lakini nisikudanganye: hata kama asingekuwa hospitali ningetia. Nilikuwa bado nalipenda daftari langu.

Baadaye Mama Kashindye alikuja hospitali na kibuyu cha asali. Alinipigia magoti kidogo, yeye mkubwa, mimi mdogo. "Wewe uliyesoma," akasema, "nimesikia ndiye uliyewatafutia sindano watoto waliobaki. Wangu hakuwahi, lakini Mungu akuzidishie." Niliipokea asali ile. Niliila. Nilimpaka na Milembe midomoni, akairamba bila kujua ni nini.

Mzee Nassor sasa anakaa dukani kwa mpwa wake, anapima vitambaa. Nilipita njia ile mara nyingi nikiwa nimeinamisha kichwa. Siku moja nikasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Mtoto anaendeleaje?"

Basi mji mzima ulikuwa unajua nina mtoto. Siri niliyoitunza kwa roho za watu ilikuwa inauzwa pamoja na kanga!

"Yu hai," nikasema.

Akaendelea kupima kitambaa, mkono mmoja, mikono miwili. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Kengele ililia?"

"Ililia, Mzee."

"Sauti yake ilikuwa bado nzuri?"

Akanikunjia kipande cha kitambaa, akanipa. "Cha mtoto," akasema. "Nenda salama." Ningefurahi zaidi angenitemea mate.

Milembe yuko nami sasa, wazi, mgongoni, mjini, na anayetaka kuuliza baba yake ni nani na aulize. Ana miaka minne na hana neno hata moja. Analishwa. Kitu kimoja tu kinamgeuza kichwa: kengele ya stesheni ikigongwa kwa treni ya Kigoma. Anageuka, anangoja, anasahau.

Kazi nimeacha. Daftari sikuliacha mimi, lilichukuliwa. Liko Dar es Salaam linanakiliwa, na ile sehemu ya tatu imo kama nilivyoiandika: usio na chaki, ung'oe. Nimewaandikia barua mbili. Kimya. Ndiyo sababu naandika hapa gazetini, mbele ya kila mtu.

Wewe kijana mwenzangu uliyesoma, utakayepewa daftari lile, au utakayeandika lako zuri kuliko langu: sikukatazi kuifundisha mashine kujipanga. Ni kazi tamu, ninaijua. Lakini usiulize waya umeandika nini tu. Uliza unamngoja nani. Na ukishamjua unayengojwa, na ukaona aibu kumtaja kwa sababu ni wako, mtaje! Mtaje palepale, mbele ya Bwana na kiko chake, wakucheke mpaka washike ukuta. Watacheka wataacha. Mimi nilinyamaza kwa muda wa pumzi mbili tu.

Nina neno moja limebaki, nalo si lako wewe unayesoma. Ni la mama mmoja huko nyuma ya Kaliua ambaye hajui kusoma. Gazeti hili litafika, litasomwa kwa sauti barazani, naye atakuwa amekaa hapo na kanga yake. Wewe unayemsomea, nakuomba usiruke mstari unaofuata, hata ukiona hauna kazi.

Mama Kashindye, mwanao kadi yake ilikuwapo, ilikuwa na tundu la malale, na ningeweza kumwita. Waya niliung'oa mimi, na asali yako niliila.